Kati ya "Imelipwa" na "Imekataliwa": Mafunzo ya Upande wa Seva Kutoka Kwenye Tiketi za Basi

Kwa miaka kadhaa sehemu kubwa ya kazi yangu imekuwa kuandika na kutunza mifumo inayouza tiketi za mabasi ya masafa marefu kwa pesa za simu, hasa katika njia ya Nairobi na Mombasa. Ni kazi inayodharaulika kwa urahisi. Abiria huchagua kiti, hulipa, kisha hupokea ujumbe wa tiketi. Mwanafunzi wa mwaka wa pili chuoni anaweza kuandika programu hiyo na ikapendeza mbele ya mwalimu wake. Ugumu huanza pale abiria anapoombwa namba yake ya siri halafu seva yetu isipate jibu lolote. Kiti ni chake au si chake? Karibu kila uamuzi wa usanifu ninaouona kuwa na uzito katika mifumo ya aina hii hutokana na swali hilo, na ndilo nitakalolifuata hapa.

Tuanze na njia ambayo malipo yenyewe hupita. Safaricom ilianzisha M-Pesa nchini Kenya Machi 2007, na mwaka 2017 ikafungua Daraja, lango ambalo watengenezaji wa programu huunganishia mifumo yao. Abiria akibonyeza "lipa", seva yetu hutuma ombi lenye namba ya biashara, kiasi, namba ya simu inayoanza na 254, kumbukumbu ya akaunti, na anwani ambayo tunataka majibu yaletwe. Daraja hujibu papo hapo kwa kutoa kitambulisho cha ombi pamoja na msimbo 0. Sifuri hiyo imewaponza wengi, kwa sababu haisemi kwamba malipo yamefanyika. Inasema tu kwamba ombi limepokewa na litapelekwa kwenye simu. Jibu la kweli huja baadaye na kwa njia nyingine kabisa: safari hii wao ndio wanaobisha hodi kwenye anwani tuliyotoa, wakileta mrejesho wenye msimbo wa matokeo. Humo, 0 ni malipo yamekamilika na namba ya risiti imeambatishwa, 1 ni salio halitoshi, 1032 ni mwenye simu ameghairi, na 1037 ni simu haikupatikana au mwenyewe hakujibu.

Anayeanza kazi hii huyapa malipo hali mbili, "imelipwa" na "imekataliwa", kisha huandika kanuni kwamba dakika moja ikipita bila mrejesho malipo yahesabiwe kuwa yameshindikana. Hapo ndipo fedha za watu huanza kupotea. Huenda ombi halikufika kabisa. Huenda lilifika na abiria bado anatafuta miwani. Huenda amekwisha kulipa na mrejesho umekwama njiani, au umefika wakati ambapo seva yetu ilikuwa inawashwa upya baada ya kuwekewa toleo jipya la programu. Kwa seva inayongoja, hali zote nne zina sura moja, nayo ni kimya, na kukitafsiri kimya hicho kuwa "hapana" ni kubahatisha kwa fedha ya mtu mwingine.

Wala hili si kosa la kampuni ya simu au la mtandao wa nchi fulani. Watafiti Akkoyunlu, Ekanadham na Huber walilieleza tatizo hilo mwaka 1975, na mwaka 1978 Jim Gray, mtaalamu wa hifadhidata, akalitolea mfano wa majenerali wawili walio kwenye vilima viwili, wanaotaka kukubaliana saa ya kushambulia kwa kutumia wajumbe wanaopita katika bonde la adui. Jenerali wa kwanza hawezi kuwa na hakika mpaka apate jibu. Wa pili naye hawezi kuwa na hakika kwamba jibu lake limefika mpaka apate jibu la jibu, na mlolongo huo hauna mwisho. Hakuna idadi ya wajumbe inayomaliza shaka ikiwa kila mjumbe anaweza kupotea. Kwa hiyo mbinu yoyote ya malipo inayodai kuiondoa shaka kabisa imeificha mahali fulani, na ni afadhali kujua imefichwa wapi.

Katika mifumo ninayoandika, shaka hiyo ina hali yake katika jedwali la malipo: "haijulikani". Haichukuliwi kuwa hitilafu, na ina kanuni zake kamili. Kiti hakiachiwi. Abiria haambiwi kwamba malipo yameshindikana na ajaribu tena, kwa sababu atajaribu kweli na atatozwa mara mbili. Huambiwa kwamba malipo yanathibitishwa, na kwamba asilipe tena kabla ya kujibiwa. Wakati huo programu inayofanya kazi nyuma ya pazia huuliza Daraja hali ya ombi lile, kwanza baada ya sekunde chache, kisha kwa vipindi vinavyozidi kurefuka. Kila kipindi huongezewa sekunde chache za kubahatisha, ili maombi mia moja yaliyokwama kwa pamoja yasiamke kwa pamoja na kuugonga mlango ule ule kwa sekunde ile ile.

Kuuliza tena na kutuma tena ni mambo mawili tofauti, ingawa katika msimbo wa programu yanaweza kufanana sana. Ukiuliza hali ya ombi mara kumi, hakuna kinachobadilika. Ukituma ombi la malipo mara kumi, abiria mmoja anaweza kulipa nauli ya familia nzima. Waraka wa RFC 9110 wa Juni 2022, unaoeleza HTTP, yaani kanuni za mawasiliano ya wavuti, unataja GET (kusoma), PUT (kuweka) na DELETE (kufuta) kuwa maombi ambayo kuyarudia hakupaswi kubadilisha matokeo, ilhali POST, ombi la kutuma taarifa zishughulikiwe, haina ahadi hiyo. Hata hivyo Daraja hutumia POST kwa kuomba malipo na pia kwa kuuliza hali yake. Maktaba za programu, yaani msimbo uliokwisha kuandikwa na wengine, zinazorudia ombi zenyewe zikiona hitilafu hazilifahamu hilo, na mimi huzima tabia hiyo ya kujirudia kwenye kila ombi linalohusu fedha, kisha naandika mwenyewe lipi lirudiwe na lipi lisirudiwe.

Mpangilio wa kuandika una uzito kuliko lugha ya programu uliyochagua. Kabla ya kuita mtandao wa nje, jaribio la malipo liandikwe kwanza katika hifadhidata, likiwa na kitambulisho tulichokitunga sisi, kiti, kiasi na hali ya "imeombwa", na muamala huo wa hifadhidata, yaani maandishi yanayokubaliwa yote au kukataliwa yote kwa pamoja, ukamilishwe kabisa. Ndipo Daraja iitwe. Ukiita kwanza na kuandika baadaye, seva ikizimika katikati utakuwa umemwomba mtu namba yake ya siri huku mfumo wako haumjui. Ukiandika kwanza, baya zaidi linaloweza kutokea ni kubaki na mstari usiojulikana uliishia wapi, na mstari kama huo tumekwisha kuuwekea utaratibu.

Kuna mashindano mengine katika hatua hii ambayo wengi hawayatarajii: mrejesho unaweza kufika kabla ya jibu la ombi la kwanza. Abiria ni mwepesi wa vidole, jibu la kwanza linasuasua njiani, na ghafla seva inaletewa matokeo ya kitambulisho ambacho bado haijakiandika popote. Msimbo uliozoea mpangilio mmoja huutupa mrejesho huo kwa kuuona mgeni. Nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika 12 Mei 2024, intaneti ilipunguza kasi Kenya, Tanzania na Uganda. Ikiwa seva zako ziko Ireland na mlipaji yuko Kibwezi, siku kama hiyo ndiyo inayoonyesha ni mambo gani uliyachukulia kuwa hayawezi kutokea. Dawa ni nyepesi. Kila ombi la malipo linaruhusiwa kubeba anwani yake ya mrejesho, kwa hiyo mimi huweka ndani ya anwani kitambulisho chetu wenyewe, kirefu na kisichobashirika, na mrejesho ukija tunajua ni wa jaribio lipi hata kama jibu la kwanza halijaonekana.

Kitambulisho hicho kisichobashirika kina kazi ya pili. Anwani ya kupokelea mirejesho iko wazi kwenye intaneti, na yeyote anayeifahamu anaweza kutuma ujumbe wenye sura ya mrejesho, wenye 0 na risiti ya kubuni. Kuruhusu anwani za IP za mtoa huduma pekee husaidia, lakini sipendi ulinzi wote utegemee orodha hiyo. Kwa malipo yoyote yenye dalili ya utata, mrejesho ninauchukua kama taarifa kwamba kuna jambo la kuuliza, kisha naliuliza mwenyewe kwa mtoa huduma. Pia kiasi kilicholetwa kilinganishwe na nauli iliyoandikwa kwetu. Nimekagua mifumo iliyokuwa ikipokea mrejesho wa shilingi 1 na kumpa mtu tiketi ya Mombasa, kwa sababu hakuna mahali palipoandikwa kwamba kiasi kikaguliwe.

Sehemu inayopokea mirejesho nataka iwe bubu kabisa. Hupokea maandishi, huyahifadhi kama yalivyo, hujibu kwamba yamefika, na kazi yake huishia hapo. Kuyachambua ni kazi ya programu nyingine inayosoma kutoka kwenye jedwali hilo. Sababu ya kwanza ni kwamba kazi nzito ikifanyika wakati mtumaji anangoja, anaweza kuona tumechelewa na akaamua kutuma tena, au akakata tamaa. Sababu ya pili naithamini zaidi: tukigundua kesho kwamba msimbo wa kuchambua ulikuwa na kasoro, maandishi ya asili bado tunayo, na tunaweza kuyapitisha upya. Mfumo uliochambua kwanza na kuhifadhi matokeo peke yake umetupa ushahidi wake wenyewe.

Mrejesho mmoja unaweza kufika mara mbili, na mara nyingine nakala zote mbili hufika kwa wakati mmoja. Njia ya kwanza inayomjia mtu akilini ni kutafuta namba ya risiti katika jedwali, na isipokuwemo, kuiandika. Njia hiyo hupita majaribio yote ya ofisini na hushindwa barabarani. Nakala mbili zikishughulikiwa sambamba, ya kwanza hutafuta na kukosa, ya pili hutafuta na kukosa, kisha zote mbili huandika, na abiria huongezewa malipo ambayo hakuyafanya. Uamuzi huo hauwezi kuachiwa msimbo wa programu, kwa kuwa nakala zake mbili hazionani. Mwenye kuona zote ni hifadhidata. Weka kizuizi cha upekee, yaani kanuni ya kutojirudia, kwenye namba ya risiti, andika moja kwa moja bila kutafuta kwanza, na uiache hifadhidata ikatae nakala ya pili. PostgreSQL, programu ya hifadhidata, tangu toleo la 9.5 la Januari 2016 ina amri ya ON CONFLICT DO NOTHING inayolifanya hilo kwa sentensi moja, kisha hukueleza kama mstari umeandikwa au la.

Vivyo hivyo kwa mabadiliko ya hali. Sisemi "badilisha malipo haya yawe imelipwa". Nasema "yabadilishe yawe imelipwa ikiwa sasa ni imeombwa au haijulikani", halafu nahesabu mistari iliyobadilika. Ukiwa mmoja, kazi ya kutoa tiketi ni yangu. Ukiwa sifuri, mwingine ametangulia au kuna jambo lisilo la kawaida, kwa mfano risiti halali iliyokuja baada ya malipo kutiwa alama ya kukataliwa. Risiti kama hiyo haitupwi kamwe, kwa kuwa fedha imekwisha kutoka kwenye simu ya mtu, na hali tuliyoiandika sisi haina uwezo wa kuirudisha.

Desemba hufundisha jambo ambalo miezi mingine hulificha. Msafiri wa Krismasi hununua tiketi wakati ule ule ambao kila mtu ananunua kitu, mitandao ya malipo huelemewa, na maombi yaliyozoea kujibiwa upesi huchukua nusu dakika. Kama msimbo wako hufungua muamala wa hifadhidata, hufunga kiti kwa kufuli, huita Daraja na kungoja, kisha hukamilisha muamala, basi kila abiria anayengoja ameshikilia muunganisho mmoja wa hifadhidata mkononi. Kanuni ya foleni aliyoithibitisha mtafiti John Little mwaka 1961 inasema kwamba wastani wa waliomo ndani ni kasi ya wanaoingia ukizidisha na muda anaokaa kila mmoja. Maombi 10 kwa sekunde, kila moja likikaa sekunde 0.2, yanahitaji miunganisho 2. Maombi yale yale 10, kila moja likikaa sekunde 30, yanahitaji miunganisho 300, ilhali PostgreSQL isiyobadilishwa mipangilio huruhusu 100. Wateja hawajaongezeka hata mmoja na msimbo haujaguswa. Kilichobadilika ni muda wa kungoja pekee, na sasa hata anayetaka kutazama ratiba bila kununua amefungiwa nje.

Kwa hiyo muamala wa hifadhidata uwe mfupi, na usivuke mtandao wa nje. Andika na ukamilishe, ndipo uite. Jibu likija, fungua muamala mwingine na uandike tena. Na kila wito wa nje uwekewe kikomo cha kusubiri kwa makusudi, kwa sababu maktaba nyingine hazina kikomo chochote usipokiweka. Requests ya Python ni mojawapo, nayo itangoja hadi mwisho wa dunia kwa adabu.

Sasa turudi kwenye kiti. Kiti kimoja katika safari moja kisiwe na wamiliki wawili, na hilo pia ni jukumu la hifadhidata: kizuizi cha upekee juu ya safari na kiti, kinachohesabu tu nafasi zilizo hai. Nafasi iliyofutwa hubaki kama historia, na kiti kinaweza kuuzwa tena. Sehemu hiyo ni nyepesi. Utata uko kwenye muda wa kukishikilia. Kiti hakiwezi kushikiliwa milele kwa ajili ya mtu aliyebonyeza "lipa" kisha akaenda kula, na hasa si katika basi la usiku wa mkesha wa sikukuu. Lazima kuwe na dakika fulani ambayo kinaachiwa. Na mara tu ukiweka dakika hiyo, umekubali kwamba siku moja malipo yatafika baada yake.

Wengi huliona tukio hilo kama hitilafu ya kiufundi, nami naliona kuwa sera ya biashara ambayo mwenye mabasi anapaswa kuulizwa kabla msimbo haujaandikwa. Malipo yamefika yamechelewa, kiti kiko wazi bado: je, arudishiwe kiti kile kile? Kimeuzwa kwa mwingine, basi lina nafasi nyingine: je, ahamishwe bila kuulizwa, hata kama alichagua dirishani? Basi limejaa: je, apewe la saa mbili baadaye, au arudishiwe fedha? Katika kampuni moja niliyoifanyia kazi swali hili lilichukua mjadala mrefu kuliko muundo mzima wa hifadhidata, na sikuona kuwa muda huo ulipotea. Tulikubaliana kwamba mfumo ujaribu kiti kile kile, kisha kiti chochote cha daraja lile lile katika basi lile lile pamoja na kumjulisha abiria, na zaidi ya hapo jambo liende kwa karani. Mfumo haukupewa ruhusa ya kumhamishia mtu kwenye basi jingine, kwa kuwa mtu anayesafiri kwenda mazishini saa mbili zake si sawa na za mwingine.

Baada ya malipo kuthibitishwa, abiria anahitaji ujumbe wa tiketi. Hapa kuna mtego wa maandishi mawili: kuandika "imelipwa" katika hifadhidata, na kutuma ujumbe kwa mtoa huduma wa SMS. Ukituma kwanza, hifadhidata inaweza kukataa na mtu akabaki na tiketi ya kiti kisicho chake. Ukiandika kwanza, seva inaweza kuzimika kabla ya kutuma. Suluhisho ninalolitumia ni kuandika ujumbe wenyewe kama mstari katika jedwali la ujumbe unaosubiri, ndani ya muamala ule ule unaobadilisha hali ya malipo. Yote mawili yanakubaliwa au yote mawili yanakataliwa. Programu nyingine husoma jedwali hilo na kutuma. Inaweza kutuma mara mbili ikizimika vibaya, lakini abiria mwenye ujumbe wa tiketi mara mbili hana tatizo, ilhali asiye nao kabisa atagombana na kondakta.

Mbinu hiyo inawezekana kwa sababu malipo, viti na ujumbe vimo katika hifadhidata moja. Nimeombwa zaidi ya mara moja nigawanye mfumo kama huo katika huduma ndogo ndogo, kila moja na hifadhidata yake, kwa hoja kwamba kampuni kubwa za Marekani zinafanya hivyo. Kwa kundi dogo la watengenezaji naona ni kununua tatizo la majenerali wawili na kulileta ndani ya nyumba yako mwenyewe, mahali ambapo lilikuwa halipo.

Mali bila daftari hupotea bila habari, wahenga walisema, na safu ya "imelipwa" katika jedwali la tiketi si daftari. Haielezi kwamba abiria alilipa mara mbili, akarudishiwa mara moja, na ada ikakatwa katikati. Daftari halisi huandikwa pande mbili, kwa utaratibu ambao Luca Pacioli, mwanahisabati wa Italia, aliuchapisha Venice mwaka 1494: kila kiasi kinachotoka katika akaunti moja kinaingia katika nyingine, na jumla ya yote ni sifuri. Malipo yakifika, akaunti ya M-Pesa inaongezeka na deni letu kwa abiria linaongezeka. Basi likiondoka, deni linageuka kuwa mapato. Mistari haifutwi wala kubadilishwa. Kosa hurekebishwa kwa mstari mwingine wa kulipinga, ili mkaguzi aone vyote viwili. Uzuri wake kwa mtengenezaji wa programu ni kwamba malipo yaliyochelewa na yaliyokosa kiti yana mahali pa kukaa: ni deni letu kwa mtu fulani, lenye kiasi na tarehe, halimo tena katika hali ya kuning'inia.

Viasi viandikwe kwa namba kamili. Namba za desimali za kompyuta huona 0.1 ukijumlisha na 0.2 kuwa 0.30000000000000004, na makosa madogo kama hayo hukusanyika katika jumla za mwezi. Kwa shilingi ya Kenya mimi huhifadhi senti. Ila basi likivuka mpaka, usizidishe kila sarafu kwa 100 bila kufikiri: katika orodha ya kimataifa ya ISO 4217, shilingi za Kenya na Tanzania zina tarakimu mbili za sehemu, ilhali shilingi ya Uganda na faranga za Rwanda na Burundi hazina hata moja.

Wakati nao una mtego wake. Hifadhidata huweka saa za UTC, saa za kimataifa zilizo nyuma ya zetu kwa saa tatu, jambo lililo sahihi, lakini siku ya UTC hugeuka saa tisa usiku kwetu. Ripoti isiyokumbuka hilo huyaweka mauzo ya saa saba usiku ya tarehe 1 Januari katika mwaka uliopita. Mrejesho wa Daraja nao hutaja wakati kama namba moja ndefu, mwaka hadi sekunde vikiwa vimeshikana, bila kutaja ukanda wa saa. Ni saa za Afrika Mashariki, na zigeuzwe mlangoni kabla hazijaingia ndani.

Hata ukifanya yote hayo, kila usiku linganisha daftari lako na taarifa ya akaunti kutoka kwa mtoa huduma, mstari kwa mstari, kwa namba ya risiti. Ulinganisho huo niliuandika mapema katika mifumo yangu ya karibuni, kabla hata ya ukurasa wa kuchagua viti kupendeza, kwa sababu ndio pekee unaosema ukweli kuhusu sehemu nyingine zote. Risiti iliyoko kwao na haiko kwetu ni mrejesho uliopotea, au ni abiria ambaye hakuona ombi kwenye simu yake akaamua kulipa mwenyewe kwa namba ya biashara, akiandika jina lake mahali pa namba ya tiketi. Risiti iliyoko kwetu na haiko kwao ni jambo zito zaidi, na huwa naamka kwa ajili yake. Taarifa hiyo isipitie mikononi mwa mtu mwenye Excel: namba ya simu yenye tarakimu 12 huonyeshwa kama 2.54712E+11, na faili likihifadhiwa hivyo kama CSV, yaani maandishi matupu, tarakimu zilizofichwa zimekwenda.

Majaribio ya mfumo yafuate shaka zile zile. Tuma mrejesho mmoja mara mbili kwa pamoja. Tuma mrejesho kabla ya jibu la ombi. Usiutume kabisa. Utume baada ya kiti kuuzwa kwa mwingine. Utume ukiwa na kiasi pungufu. Zima programu kati ya kuandika na kutuma ujumbe, kisha iwashe uone inaendelea wapi. Majaribio hayo matano au sita yamenionyesha kasoro nyingi kuliko mamia ya majaribio yanayofuata njia iliyonyooka.

Mwisho kuna karani wa kaunta pale Mwembe Tayari, Mombasa, ambaye abiria humwonyesha ujumbe wa M-Pesa na kusema amelipa. Kwa muda mrefu skrini za makarani zimekuwa na kitufe cha "weka imelipwa", na kitufe hicho hupita juu ya kila kizuizi nilichokieleza hapo juu, kwa kuwa ujumbe wa simu unaweza kughushiwa na karani amezungukwa na foleni. Skrini ninayoipendelea haina kitufe hicho. Ina sehemu ya kuandika namba ya risiti, na kitufe cha kumuuliza mtoa huduma. Jibu likija, huingia kwenye jedwali la mirejesho na kupita njia ile ile ya mirejesho mingine, kizuizi cha upekee kikiwa mbele yake. Jibu lisipokuja, karani huona neno "haijulikani" na saa ambayo mfumo utauliza tena, na anaweza kumsomea abiria vyote viwili.